Mkeka wa Matofali

Mume wangu alirudi nyumbani na matofali saba, akayapanga kando ya ukuta wa kiwanda, yaani ule uwanja mdogo ulio wazi katikati ya nyumba zetu za Lamu. Mwoka mikate mmoja wa Langoni alikuwa ameyaagiza kutoka Mombasa ya kujengea tanuri, na mume wangu, aliyekuwa mwashi, ndiye aliyelijenga. Hayo saba yalibaki.

"Ya nini haya, Bwana?" nilimuuliza.

"Sijui. Nimeyaona mazuri tu."

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mji wetu ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, na mimi niliyekuwa nikikaribia miaka thelathini sikuwa nimewahi kushika tofali. Siku ile ile, wali ukiwa jikoni, nilikwangua pembe ya moja kwa kisu. Ukatoka unga mwekundu, laini, wenye harufu niliyoijua tangu utotoni. Nikaona kumbe tofali ni ndugu yake chungu, ila halina tumbo.

Mimi ni mfinyanzi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake pia, kisiwani Pate. Nilipoolewa nilipanda mashua Mtangawanda nikiwa na sanduku moja la nguo, na ndani ya kanga kuukuu nilikuwa nimefunga kombe langu la kulainishia vyungu, yaani gamba la baharini, na gunzi la kutilia michoro. Lamu niliendelea na kazi hiyo hiyo pale kiwandani: vyungu, mitungi, vyetezo. Udongo aliniletea kaka yangu, gunia mbili tatu kila alipopata chombo cha kuja. Mume wangu hakuwahi kuninung'unikia. Yeye mwenyewe alikuwa akirudi kazini mweupe kwa chokaa kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu.

Aliyenung'unika ni mavyaa yangu, mama yake mume wangu. Alikuwa mtu wa Kipungani, upande wa kusini wa kisiwa, ambako wanawake husuka mikeka tangu wangali wasichana, na mikeka yake ilitafutwa. Baada ya mumewe kufariki aliendelea kukaa peke yake kule mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu. Mume wangu akaenda kumchukua. Alikuja na punda wawili; mmoja alibeba vyombo vyake, wa pili miyaa tupu, yale majani makavu ya kusukia, mafungu kwa mafungu, iliyochanwa na kutiwa rangi tayari.

Siku ya kwanza nilimwandalia chai. Alipokipokea kikombe alikishika kidole changu, akakisugua kidogo.

"Una mikono ya matope," akasema.

"Ni kazi, mama."

"Kazi ya mwanamke haiwati uchafu kutani."

Kwa lugha ya kwao, haiachi uchafu kwenye kucha. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya samaki. Kwa miezi kadhaa tulikaa hivyo, yeye upande wa kivuli na miyaa yake, mimi upande wa jua na udongo wangu, na katikati yetu sakafu ambayo kila mmoja alikuwa akimtuhumu mwenzake kuichafua.

Macho yake yalizidi kuharibika. Kusuka aliendelea, kwa sababu vidole vyake havikuhitaji kuona. Tatizo lilikuwa rangi. Bi mmoja wa mtaa wetu alikuwa ameagiza mkeka wa harusi ya binti yake, wenye mistari miekundu na myeusi. Mavyaa akausuka mwezi mzima. Siku aliyokuja kuuchukua, yule Bi aliukunjua pale kiwandani, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeona siku nyingi kwamba chane za kijani zilikuwa zimeingia mahali pa nyeusi, na sikuwa nimesema neno. Sikujua nilisemeje. Pengine pia, nikisema kweli, nilikuwa nimechoka na maneno yake juu ya mikono yangu.

"Una nini?" mavyaa aliuliza. "Mbona hamusemi?"

"Ni mzuri, Bi," yule mteja alijibu. "Ila rangi… rangi si tulizoagana."

Aliuchukua kwa heshima, lakini harusini haukutandikwa, na habari hiyo ilimfikia mavyaa. Akaning'iniza msumarini ukili aliokuwa ameuanza, ule utepe mrefu wa kusukwa ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka, na hakuugusa tena. Akawa anakaa tu. Asubuhi alikaa, adhuhuri alisali, akakaa. Mume wangu alimletea tasbihi mpya, kisha kuku wawili wa kulisha. Kuku aliwalisha, lakini haikuwa kazi, na sote tulijua.

Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilitamani aninung'unikie.

Sijui kwa nini nilichukua tofali moja kati ya yale saba. Udongo ulikuwa umeniishia, kaka yangu hajapata chombo, na mikono yangu haikuzoea kukaa bure. Ule ukili ulikuwa ukining'inia mbele yangu. Nikachukua kisu na msumari, nikaanza kuuchonga juu ya uso wa tofali: chane inapita juu ya mbili, inazama chini ya mbili, inatokea tena. Tofali lile halikuwa gumu. Mume wangu alisema lilipungukiwa na moto, na ndiyo maana liliachwa. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, katika vipande vya muda, baada ya kupika na kabla ya alasiri. Nilipomaliza nililipuliza vumbi, nikaliweka juu ya kibao alichokuwa akikalia mavyaa, nikaenda kuteka maji.

Niliporudi alikuwa amelipakata. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu yake polepole.

"Hiki ni nini?"

"Tofali, mama. Nimelichonga."

"Umefanya ukili."

"Ndiyo."

Vidole vilikuwa bado vinatembea. Kisha kidole cha shahada kikasimama.

"Hapa umepita yuu ya tatu," akasema. Yeye alitamka hivyo, yuu na tini, kama watu wake wote. "Yuu ya tatu, kisha tini ya moya. Ukili huu ungekuwa wa miyaa ungefumuka."

Nikainama kutazama. Ilikuwa kweli. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa nimelitazama tofali lile siku nne bila kuliona kosa hilo.

"Lete jingine," akasema.

Ndivyo tulivyoanza. Matofali yale saba tuliyamaliza kabla ya mwezi kwisha. Nilichonga, naye alipapasa akinisahihisha. Alinifundisha ukili mwembamba wa kingo, ukili mpana wa katikati, na ule wa mkeka wa kuswalia. Hakukuwa na rangi za kukosea. Tofali zima lilikuwa jekundu. Alianza kuzungumza, kwanza juu ya ukili, kisha juu ya mama yake aliyempiga kwa bua la miyaa kila alipolegeza mkono, kisha juu ya mumewe. Siku moja, akinipa kikombe ili nikisuuze, alinishika vidole tena, safari hii bila kusema lolote juu ya matope.

Mume wangu ndiye aliyeuliza, tukiwa tunakula: "Kwani hamwezi kufanya mkeka mzima?"

"Kwa matofali ya nani?" nikamwambia.

"Wewe si mfinyanzi? Yafinyange."

Mavyaa akacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka ndani ya nyumba ile.

Magunia ya kaka yangu yasingetosha, kwa kuwa tofali moja linakula udongo wa mtungi mzima. Mavyaa akakumbuka shimo karibu na kijiji chake, nyuma ya mikoko, ambako watoto walikuwa wakichota udongo wa kuchezea. Tukaenda mimi na mume wangu na punda wanne wa kukodi. Ulikuwa udongo wa kijivu, unaonata vizuri. Niliuonja ulimini kama alivyonifundisha mama. Chumvi ilikuwapo lakini kidogo. Nikaukubali. Nikaona vipande vidogo vya makombe humo ndani, vingine kama punje za mchele. Vikubwa nikavitoa kwa mkono, vidogo nikaviacha. Katika vyungu vyetu vya Pate hatukuwa na makombe, na sikujua yangenifanya nini.

Fundi wa mashua alinitengenezea kalibu ya mbao. Nikapiga matofali thelathini. Yakiwa yamekauka nusu, magumu kama jibini lakini bado yanakubali kisu, nikayapanga wima ukutani, safu sita za matano, nikanyunyiza majivu baina yao yasishikane. Uso wote ukawa kama ukuta mmoja mdogo. Kisha nikauchonga mkeka juu yake, ukili baada ya ukili, bila kujali tofali linaishia wapi. Kila jioni niliufunika kwa magunia yaliyolowa, usije ukakauka mbele ya kisu changu.

Jirani mmoja aliuliza kwa nini nisichonge ndege au ng'ombe, kitu cha kupendeza. Nilimwambia sichongi chenye roho, na hata ningeruhusiwa nisingekuwa na hamu. Mkeka ulinitosha.

Siku ya tisa tuligombana. Mavyaa alikuwa akipapasa safu ya tatu kutoka chini, akasema ukili wote wa pale umepinda, unapanda kuelekea kulia.

"Mama, umepinda kidogo tu. Hauonekani."

"Nani aliyesema unaonekana? Mimi sioni kitu. Nasema umepinda."

"Nikiurudia huo itabidi nirudie na kili mbili zilizo juu yake. Udongo unakauka!"

"Basi utakauka ukiwa umepinda."

Nilitupa kisu. Niliingia ndani nikakaa juu ya kitanda, nimekasirika kama mtoto. Mume wangu aliporudi alisimama kati ya mlango na kiwanda, hajui aende upande gani. Mwishowe alichukua pimamaji yake ya uashi, akaishika mbele ya ule ukuta wa udongo, akatazama kwa muda, akaja kusimama mlangoni.

"Umepinda kiasi gani?" nikamuuliza.

"Upana wa kidole."

Nikatoka, nikalowesha magunia, nikaanza upya. Mavyaa hakusema "nilikwambia". Alisema tu, "Ukitoka kulia ndiyo rahisi," nami nikatoka kulia.

Ulipokamilika, kabla ya kuyabandua, niliandika nyuma ya kila tofali herufi moja, alifu, be, te, kama nilivyofundishwa chuoni, ili nijue lipi linakwenda wapi. Herufi zikaisha matofali mawili yangali yamebaki. Hayo nikayatia alama ya dole gumba, moja langu, moja la mavyaa.

Yalikauka kivulini wiki tatu. Tuliyachoma nje ya mji, mahali mume wangu alipozoea kuchomea chokaa, kwa vifuu, makumbi na vipande vya mikoko. Tulipoufungua moto, siku mbili baadaye, matofali yalikuwa mekundu, na yakigongwa yanalia. Mawili yalikuwa na ufa mdogo. Mume wangu akayajenga yote kwenye ukuta wa kiwanda, mkabala na mahali pa mavyaa.

Watu walikuja. Wanawake wa mtaani walikuja kwa zamu, wakisimama na kuguna. Yule Bi wa mkeka wa harusi naye alikuja, akaupapasa, akamwambia mavyaa, "Huu haukukosewa popote."

"Umekosewa mahali pamoya," mavyaa alimjibu. "Lakini sikwambii wapi."

Baada ya siku kumi hivi mvua zilianza. Asubuhi moja nikiwa napepeta mchele nilisikia mlio mdogo, tap, kama mtu aliyerusha kokoto. Nikatazama. Sakafuni palikuwa na kipande chekundu, upana wa ukucha, na kwenye mkeka palikuwa na kishimo chenye doa jeupe ndani yake. Nikadhani kuna aliyeugonga. Saa moja baadaye, tap. Kufikia adhuhuri nilihesabu vishimo kumi na moja, na kesho yake sikuhesabu tena. Uso wa mkeka ulikuwa unatoka ndui.

Mavyaa alisikia kila mlio. "Nini kile?" aliuliza mara ya kwanza, na nilipomwambia hakuuliza tena. Akawa kila ukisikika anageuza kichwa kidogo.

Niliona haya mbele ya wanawake walioendelea kuja kuutazama. Nikaufunika kwa kanga. Niliamini ni mkono wangu, kwamba nimechoma vibaya, au nimekanda vibaya, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuharibu kitu kwa namna ile. Mavyaa aliamini ni udongo wa kwao. "Nti yangu ndiyo mbovu," alisema, yaani nchi yake.

Mume wangu aliitoa kanga, akalichokonoa doa moja jeupe kwa ncha ya kisu, akaliweka ulimini. Akatema mara moja.

"Hii ni chokaa," akasema.

"Chokaa imetoka wapi?"

"Yale makombe yako. Mimi nikitaka chokaa nafanya nini? Nachoma matumbawe. Wewe umechoma makombe. Yamekuwa chokaa humo ndani ya tofali. Sasa hewa ina mvua, chokaa inakunywa mai, inavimba. Ikivimba inasukuma." Akakaa chini, akaanza kucheka. "Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, mimi najua hili na wewe unafinyanga, wala hatujaulizana."

Sikucheka siku hiyo, lakini nilimuuliza: vishimo hivi vinazuilika?

Alifikiri. Alisema chokaa hutisha ikinywa maji kidogo kidogo. Ukiizamisha yote kwa mara moja, hulainika ikawa kama maziwa, isiwe na nguvu ya kusukuma. Huenda matofali yakitoka motoni, yakiwa na uvuguvugu bado, tukayazamisha majini mpaka yashibe, yatasalimika. Hakuwa na hakika.

Tulirudia kazi yote. Safari hii nililowesha udongo kwenye pipa mpaka ukawa uji, nikauchuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Kilichobaki juu ya kitambaa, punje nyeupe tupu, nilikiangalia kwa chuki. Nilichonga tena thelathini. Mavyaa wakati huo alikuwa amedhoofu. Kifua kilimbana, na siku nyingine alisahihisha akiwa amelala, nikimwongoza mkono wake mpaka mahali penyewe. Lakini hakupunguza. Ukili uliopinda ulirudiwa, hata mara mbili.

Tuliyatoa motoni yangali na joto tukayatia katika birika, lile tangi la maji ya kazi ya mume wangu. Yalichemka na kutoa mapovu. Tukayaacha humo usiku na mchana, tukayatoa, tukayatandaza uani, tukangoja mvua. Mvua ikanyesha siku nyingi. Hakuna hata moja lililotoa ule mlio wa tap.

Mavyaa ndiye aliyekataa yasijengwe nyumbani.

"Mimi nataka kurudi kwetu," alimwambia mwanawe. "Na matofali yangu yaende na mimi. Uyajenge kisimani, pale wanawake wanapongojea zamu."

"Mama, kule nani atakutazama?"

"Kuna dada yangu. Na wewe ndia unaijua."

Mume wangu alibishana naye siku tatu. Mwisho tuliwapakia punda, matofali thelathini na bibi mmoja juu ya mto. Kisimani Kipungani palikuwa na ukuta mfupi wa mawe wa kukinga upepo. Mume wangu alitoa mawe ya katikati, akayapanga matofali yetu akifuata herufi zangu, akayashika kwa chokaa yake. Wanawake wa kijiji walisimama na ndoo zao wakimtazama. Wote walikuwa wasukaji.

Chokaa ilipokauka nilimshika mavyaa mkono nikamfikisha. Aliupapasa wote, kutoka ukingo wa chini mpaka ukingo wa juu, bila haraka. Kisha wale wanawake wakaanza. Mmoja alisema ukili wa ukingo si wa Kipungani, ni wa Matondoni. Mwingine alisema ni wa Kipungani wa zamani, bibi yake alikuwa akiusuka. Dada yake mavyaa akasema wote hawajui kitu. Ikawa kelele, ndoo zimewekwa chini, vidole vinahesabu juu ya tofali, yuu ya mbili, tini ya mbili, na mavyaa katikati akibishana kwa sauti ambayo kwetu Lamu sikuwahi kuisikia kwake. Mume wangu alinong'ona kwamba chakula kitatupita. Nilimwambia angoje.

Mavyaa aliishi kule karibu miaka miwili zaidi. Kila nilipokwenda kumtazama alikuwa na habari ya ubishi mpya, na mara nyingine alinitaka nimwambie fulani kwamba ukili ule ni wa kweli kwa sababu mimi ndiye niliyeuchonga. Niliwaambia nilichonga nilichoambiwa.

Baada yake nilifanya kazi nyingine za matofali. Nilichonga kingo za birika la msikiti mdogo mtaani kwetu, na mlango wa kaburi ambao wenyewe hawakuupenda, wakaufunika kwa plasta. Vyungu niliendelea navyo, kwa sababu vyungu ndivyo vilivyotakiwa kila siku. Udongo wa Kipungani niliutumia mpaka mwisho, na niliuchuja kila mara, na mume wangu ndiye aliyeshika upande wa pili wa kitambaa.